Jina Lako kwenye Wiki ya Arobaini na Sita

Mwanangu Tatu,

Salamu za mwanzo wa barua nakurukisha, maana asubuhi tumeshasalimiana jikoni, na wewe ukanijibu kwa Kiswidi. Anayeandika ni Nassor wa ghorofa ya chini, yule dereva wa treni. Mie nasema, yeye kashika kalamu. Nimemwapisha aandike kama ninavyosema, asinisafishie maneno. Tulipoanza kaandika "dhumuni la barua hii", nikamwambia futa, mie sina dhumuni, nina jambo limenikaa hapa kooni. Nilitaka nikusemee kwenye kaseti kama tunavyowapelekea watu wa Muheza, lakini kaseti huwezi kuipeleka ofisi ya kodi ukawaambia haya, sikilizeni.

Ndiyo, ofisi ya kodi. Usikunje uso. Umekwenda Hallonbergen kuaga wenzio, kesho treni ya Umeå inakuchukua, unakwenda kusomea uuguzi, na wanawake wenzangu hapa Husby wanadhani nitakuusia mambo ya soksi na chakula na wanaume. Soksi unajua kuvaa. Kupika unajua, ila mvivu. Wanaume, nilimjua mmoja tu, baba yako, naye Mungu kamchukua ungali mdogo, kwa hiyo sina elimu ya kukupa. Nitakwambia la wiki ya arobaini na sita.

Ile nyumba ya mlimani unaikumbuka. Najua unaikumbuka kwa baridi na kwa aibu. Lakini hukuwahi kuniuliza niliipataje, na mie nilishukuru hukuuliza.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nasafisha ofisi kule Kista na yule mama wa Kifini, yule mwenye sauti nene. Wakatuletea vikaratasi: njooni Skärholmen Jumamosi, kuna kahawa, kuna keki, kuna zawadi, mtu halazimishwi kununua kitu. Nikaenda kwa ajili ya keki. Mwanangu, mama yako alivuka bahari hakuzama, akaja akazama kwenye sahani ya keki. Alikuwepo kijana mmoja na tai yake, anatabasamu mpaka meno ya nyuma, anatuonyesha picha ya nyumba nyekundu ya mbao, theluji juu ya paa, moshi unatoka. Angesema ni ya kupumzikia, ningemaliza keki yangu nikarudi zangu. Mie kupumzika sijui kunafanywaje. Lakini alisema hii ni mali yako maisha yako yote, na mwanao atairithi. Hapo ndipo aliponikamata.

Nassor anasema nieleze kwa nini. Si anajua? Haya, anasema wewe hujui. Basi kweli, sijawahi kukusimulia.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa na nyumba Muheza. Nasema alikuwa nayo kwa sababu yeye ndiye aliyekanyaga udongo wake, yeye kapiga sakafu, yeye kila mwaka alikuwa akiipaka chokaa. Lakini karatasi ilikuwa ya jina la baba. Baba alipokufa, arobaini haijaisha vizuri, watu wanakula wali uani, ami zangu wawili wakaja na kamba ya kupimia. Wakapima huku wanatafuna. Mama akauliza mnapima nini, wakamwambia, "Shemeji, tulia, tunawatunzia tu." Wakatutunzia mpaka leo. Mama akatoka na kinu chake kichwani na mie nyuma nimebeba mchi, tukaenda kukaa kwa dada yake. Sheria ya dini inampa fungu lake, watu wote wanajua, lakini fungu linadaiwa na mwenye kujua kusoma, na sisi hatukujua.

Tangu siku hiyo nikaapa: nikipata kitu, sikiandiki jina la mume wala langu. Nitakiandika jina la mtoto moja kwa moja, hata ami atoke kaburini asikute pa kushika. Na mtoto nikawa sina, waliokutangulia wawili hawakukaa, mpaka ukaja wewe nikiwa na arobaini kamili, nimeshakata tamaa. Kwa hiyo kijana wa Skärholmen aliposema mwanao atairithi, mie nikamwambia hapana, asingoje kurithi, andika jina lake leo. Kijana akacheka, akasema hata paka wako tutamwandika ukitaka. Nikatoa zamu yangu ya upatu yote na akiba ya sandukuni. Nikarudi Husby natembea kama mke wa waziri.

Sasa kosa. Lile la kwanza, maana yako mengi. Waliponiambia wiki ya arobaini na sita, mie nilidhani ndiyo wiki ya kukabidhiwa ufunguo. Nchi hii kila kitu wanakitaja kwa wiki, daktari wiki ya kumi, fundi wa bomba wiki ya ishirini na moja. Nikajua wiki ya arobaini na sita nakwenda kuchukua nyumba yangu, basi, ni yetu. Kwamba nimenunua siku saba katika mwaka, na wengine wamenunua siku saba zao, nyumba moja ina wenye hamsini, hilo halikuniingia. Nani angewaza hivyo? Hata ami zangu hawakuwa na akili ya kuiuza nyumba moja mara hamsini.

Ndiyo maana nilikwenda na kinu. Kile kidogo cha bizari, uliona haya nacho ndani ya treni ukakifunika kwa koti. Ndiyo maana nilifukiza ubani vyumba vyote mpaka king'ora kikalia na yule mama mwangalizi akaja mbio na ndoo. Nyumba mpya inafukizwa, ningefanyaje? Na theluji yenyewe hakuna, Novemba ile ilikuwa tope tupu, jua linazama kabla hujamaliza chai ya mchana. Wenye akili walikuwa wamenunua wiki za Februari na Machi. Sisi tuliokwenda kwa keki tukapewa giza.

Siku ya mwisho wakaja wale watu na mbwa wao. Unakumbuka. Mie nikawafungulia mlango, nikasema karibuni, nikaona Wazungu hawa wana adabu, wamekuja kumtazama jirani mpya. Nikawakalisha. Nikaweka mafuta jikoni nikaanza kuwakaangia maandazi. Wao wanatazamana, wanatazama saa, mbwa anatazama maandazi. Na wewe umesimama pale kwenye ngazi, masikio mekundu, ukanishika mkono, ukasema, "Mama, hawa si wageni. Wageni ni sisi, na saa yetu imekwisha."

Kwa Kiswahili ulisema. Tangu siku ile nahesabu maneno yako ya Kiswahili, yamepungua kila mwaka.

Kinu nilikiacha kabatini makusudi. Nilijisemea nyumba yenye kinu changu itanikumbuka. Mwaka wa pili nikakikuta nje, kinazuia mlango usipigwe na upepo. Nikakibeba nikarudi nacho, na huko sikwenda tena. Lakini ada, mwanangu, ada haikukoma. Uende usiende, ulale usilale, kila mwaka karatasi inakuja, nakwenda kulipa posta, ya kufagia nyumba ambayo mie nafagia za wenzangu ili niilipie kufagiwa. Nikalipa. Mwaka mwingine nikashindwa, ukaunganika na mwingine. Bahasha zikaja na picha ya mlima, na juu yake jina lako. Nilizijua kwa jina.

Hili hulijui. Mie sisomi, lakini neno moja nalisoma. Una miaka saba, umetoka shule, ulinikalisha mezani, baba yako anacheka kule sebuleni, ukaniambia Mama jina langu ni rahisi, ni nyundo, paa la nyumba, nyundo tena, halafu kikombe. Ukanishika mkono na kidole chako kina wino. Nyundo, paa, nyundo, kikombe. Nilijaza nyuma ya kalenda nzima. Wewe ulisahau, ukaenda kucheza. Mie sikusahau. Ndiyo shule yangu yote, na nilifaulu.

Basi bahasha za mlima zikija nilikuwa nazichukua kabla hujarudi, nazitia ndani ya kinu, juu ya kabati. Na mkataba wenyewe wa kununua umo humo. Kila ukisema nyumba inanuka bizari, ni ada hizo.

Mwaka jana wale watu wakapiga simu kwa Nassor, maana namba yake ndiyo niliyowapa, wakasema wako tayari kuichukua wiki yao warudi nayo, ada zilizolala zitakatwa humo humo, ila mwenye mali atie saini. Mwenye mali ni wewe. Ulikuwa umeshatimiza ishirini. Ningekwambia tu, Tatu, njoo utie mkono hapa, ungesoma, ungesonya, ungetia. Mbona sikukwambia?

Kwa sababu ya siku ile kwa daktari wa mguu. Ulisema kwa Kiswidi, mbele ya daktari, wewe si mkalimani wangu. Ulikuwa umechoka, najua. Tangu una miaka tisa unanisomea barua za nyumba, za kazini, za hospitali, hata za mazishi ya baba yako ulisoma wewe. Una haki ya kuchoka. Lakini mie niliondoka pale na mguu mzima na moyo unachechemea, nikasema sitampa huyu mtoto karatasi tena. Kiburi, mwanangu. Mzee asiyejua kusoma kiburi chake kina gharama kubwa, afadhali awe nacho profesa.

Nikakaa mezani, peke yangu, mchana kweupe. Nikaandika kwenye karatasi waliyoileta: nyundo, paa, nyundo, kikombe. Nassor sikumwambia, nilimpa bahasha imefungwa akaitie posta. Hapa anaandika hili anatikisa kichwa. Tikisa, lakini andika. Jioni ile nikapika pilau. Ukaniuliza tuna sherehe gani, nikakwambia mguu umepata nafuu.

Nilidhani imekwisha. Mtu akirudisha kitu kibovu dukani, si kimekwisha? Kumbe hapa hakiishi mpaka ukiandike. Kabla ya juma lililopita ikaja bahasha isiyo na mlima, ya kahawia, jina lako juu. Nikampelekea Nassor. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani. Wale watu wamewaandikia wa kodi kwamba wewe, Tatu, umeuza sehemu ya nyumba, na bei wameiweka. Hela yenyewe hatukuiona, ilikatwa kwenye ada ikaishia hewani, lakini kwenye karatasi umeuza. Na aliyeuza lazima aseme kwenye ile fomu ya kodi ya mwezi wa pili.

Nikasema basi aseme. Nassor akaniuliza, "Mama Tatu, na ile fomu ya kuomba hela za masomo, alijibu nini walipomuuliza kama ana mali?"

Ulijibu huna, na wiki ile ilikuwa bado haijarudishwa. Nilikuwepo, ulikuwa unakula chungwa, ukacheka, ukasema kwa sauti, mali gani. Na mie nimesimama kwenye sinki, kinu kiko juu ya kichwa changu, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokufanya mwongo. Ulikwenda kutia saini neno la uongo na kinywa safi, kwa sababu mama yako aliyajua na hakusema.

Nassor alinishauri kwa wema. Alisema mwambie mtoto aseme ile saini ni yake, nani atajua, mambo yaishe. Nikakaa na shauri hilo siku mbili. Ni shauri zuri. Lingetutoa wote. Alhamisi nikapanda treni, sikukwambia, nikaenda ofisi ya kodi mwenyewe bila mkalimani.

Nikachukua kinamba, nikakaa. Sikujua kinasema ngapi, nikamwonyesha mzee mmoja wa Kigiriki, akaninyanyua zamu yangu ilipofika. Nikapata dada mmoja kachomeka penseli kwenye nywele. Nikamwekea karatasi zote, na ile nakala ya kurudisha wiki. Kiswidi changu unakijua, kina mashimo kama kitambaa cha deki. Akasikiliza. Kisha akaweka kidole kwenye jina lako akauliza, "Nani ameandika hapa?"

"Mimi."

Akachomoa penseli kwenye nywele. Nikafikiri ataita askari. Akauliza kama wewe unajua, nikasema hajui. Akauliza kama mie najua kwamba hairuhusiwi, nikamwambia, "Sasa najua. Wakati ule nilijua jina tu."

Alichonieleza nikamfanya akirudie mara tatu, na Nassor kampigia simu kesho yake kuhakikisha, kwa hiyo usidhani nimekiota. Moja, lazima uandike kwenye fomu yako kwamba sehemu ile ilikuwepo na imetoka. Ilitoka kwa bei ndogo kuliko ya kununuliwa, ni hasara, na hasara hawaikati kodi, ila kuificha hawapendi. Mkataba wa kununua ndio ushahidi. Pili, wa hela za masomo waandikie wewe kabla hawajakuandikia wao, waambie hukujua, na karatasi yangu ya kueleza hivyo naiweka humu. La tatu, na hili alisema si kazi ya ofisi yake lakini atasema: saini iliyotiwa na mtu mwingine, mwenye jina ana hiari. Ukiikubali, wiki imekwenda, tumeachana nayo. Ukiikataa, haikuuzwa, inarudi, na ada zake zinarudi nayo.

Nassor hapa ananitazama, anataka nikuombe uikubali. Sikuombi. Ningekuomba, ningekuwa nimetia mkono wako mara ya pili. Ukikataa, nimeshamwambia Nassor tutawaandikia wale watu waihamishie kwangu, na ada nitalipa mie kwa fagio langu mpaka wachoke wao au nichoke mie. Giza la Novemba ni langu, nimelinunua.

Narudi nyumbani siku ile kwenye treni nikapitiliza Husby mpaka mwisho wa reli, kwa sababu nilikuwa nawaza. Nilikuwa nawaza ami zangu. Miaka yote nawalaani, wameandika majina yao pahala pasipo pao, halafu wakasema tunawatunzia. Na mie? Nimeandika jina lako pahala pasipo pangu, nikaficha karatasi miaka sita, na kila nilipozitia ndani ya kinu nilikuwa najisemea, namtunzia tu. Maneno yale yale, Tatu. Hata sauti ilikuwa ya ami. Nikashuka, nikasubiri treni ya kurudi, na mguu unauma kweli safari hii.

Nina hasira, sikufichi. Na kijana wa tai, na nchi inayohesabu wiki, na wewe kwa ile siku ya daktari, lakini kwako zimebaki kidogo tu. Nyingi ziko kwangu. Nilitaka usije ukatoka nyumbani na kinu kichwani. Matokeo yake ndiyo hivyo unatoka nacho: nimekitia kwenye sanduku lako la kijani, chini ya kanga. Usikitoe kwa hasira, humo ndani mna mkataba na bahasha zote, nimeufunga kwa uzi. Unanuka bizari. Wa kodi watapiga chafya, waache wapige.

Wewe ukisoma barua hii utakuwa umeshapita Uppsala. Usishuke. Usirudi kunigombeza, nigombeze kwa posta, kwa Kiswidi ukitaka, Nassor atanisomea na sitamwambia aruke.

Sasa ananiambia nitie saini. Mkono wenyewe, unaona, ulikuwa unakwenda kwenye ile nyundo, kwa mazoea. Nimeuzuia. Nassor kaleta rangi yake ya viatu, nyeusi, nimechovya dole gumba. Limetiwa mara mbili, moja kwenye karatasi ya ofisi, moja hapa.

Jina lako nimeliandika mara moja tu leo, juu ya bahasha, kwa mkono wangu, Nassor hakunisaidia. Nyundo, paa, nyundo, kikombe. Hapo ndipo pahala pake, kwa anayepelekewa. Hili la chini, jeusi, ndilo langu.

Mama yako.